Mashairi ya Kabla ya Vita: Muyaka, Zahidi Mngumi na Suala la Usalama wa Miji ya Pwani

Imekuwa ada katika uhakiki wa ushairi wetu kuyachukulia mashairi ya vita ya Mvita na Amu ya mwanzoni mwa karne ya 19 kuwa majigambo tu. Mhakiki huonyesha jinsi malenga anavyousifu mji wake na kumdunisha adui; hutaja jazanda mbili tatu za bahari na za wanyama wakali; huhesabu vina na mizani; kisha hufunga daftari. Mtazamo huu si wa uongo, kwani majigambo yamo, tena mengi. Upungufu wake ni kwamba hautuambii kwa nini watu wazima, wafanyabiashara na washauri wa watawala, walihangaika kutungiana beti na kuzisafirisha kwa vyombo kutoka mji hadi mji katika miaka ambayo kila mmoja wao alijua kwamba vita vinakuja.

Makala haya yanakusudia kuyasoma mashairi hayo kwa namna nyingine. Tunadai kwamba ni fikra ya kisiasa iliyovaa vazi la bahari za ushairi, na kwamba suala linalofikiriwa humo ni moja: mji mdogo unajilindaje unapokuwa karibu na dola yenye jeshi kubwa na nia isiyofichika? Tutajikita katika jibizano la wakati wa vita vya Kuduhu na katika mashairi ya kisiasa ya Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840). Beti zenyewe hatutazinukuu. Msomaji atazipata katika Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na Hichens (1940), katika kitabu cha Abdulaziz (1979), na katika mkusanyo wa Biersteker na Shariff (1995) ambao, kwa masikitiko, ulichapishwa Michigan na ni wanafunzi wachache wa hapa kwetu waliowahi kuushika mkononi.

Tuanze na jambo ambalo halijatiliwa maanani ipasavyo. Sehemu kubwa ya ushairi wa vita katika Kiswahili hutungwa baada ya tukio. Utenzi mashuhuri wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi una neno ‘kutamalaki’ katika anwani yake. Msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza na tayari anajua nani ameitwaa Mrima. Vivyo hivyo utenzi wa Henry Muhanika uliochapishwa 1981 kuhusu vita vya Kagera: anwani inataja vita, na papo hapo inataja anguko la Idi Amin Dada. Majeshi ya Uganda yaliingia Kagera mnamo Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mtunzi anayeketi baada ya Aprili hiyo anajua mwisho wa habari, na utenzi, kwa hulka yake ya masimulizi, humsaidia kuupanga ulimwengu kuuelekea mwisho huo. Hofu ya Oktoba, wakati ambapo hakuna aliyejua, haina budi kuwa hofu ya kukumbukwa.

Mashairi ya Kuduhu hayana faraja hiyo. Yale yanayotuhusu hapa yalitungwa kabla, anayetunga hajui. Kutojua huko ndiko kunakoyapa uzito, na ndiko kunakopotea tunapoyasoma kama tambo za washindi.

Muktadha wa kihistoria unahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila huo mafumbo hayafumbuki. Waomani waliitwaa Ngome ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698 baada ya mazingiwa marefu. Maliwali wa ukoo wa Mazrui waliowekwa hapo baadaye walikataa kuwatii Mabusaidi waliposhika utawala wa Oman katikati ya karne ya 18. Tangu hapo Mombasa ikawa mji unaojitawala, na Pemba ikawa ghala lake la chakula. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ilishirikiana na Pate, na ushirika huo ukaikalia Amu vibaya. Mnamo 1812 hivi (wanahistoria hutofautiana mwaka mmoja au miwili) majeshi ya Pate na Mombasa yaliteremka Shela, kwenye mlango wa bandari ya Amu. Yalishindwa vibaya. Walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, na wengi wao wakauawa pale pale ufuoni. Baada ya ushindi huo Amu ilituma ujumbe kwa Seyyid Said bin Sultan wa Maskati kuomba liwali na askari. Aliwapa. Ngome ya Amu, iliyokamilika 1821, ikawa makao ya askari wake.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukiyasoma mashairi ya upande wa Amu, mwanafunzi mmoja kutoka bara aliuliza: ‘Mwalimu, watu wa Amu walikwisha kushinda. Sasa wa Maskati wa nini tena?’ Nilimpa jibu la vitabuni, kwamba walihofia kisasi. Jibu hilo ni sahihi, lakini nilipolitafakari baadaye niliona kwamba halitoshi. Ushindi wa Shela ulitegemea, kwa kiasi fulani, maji kupwa. Watu wa Amu, mabaharia tangu kuzaliwa, walijua kuliko mtu yeyote kwamba maji yaliyokupwa hujaa. Ushindi ulikuwa umepatikana, lakini usalama haukuwa umepatikana, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hapa ndipo Zahidi Mngumi anapostahili kusomwa kwa makini zaidi ya anavyosomwa. Mngumi alikuwa kiongozi wa Amu na mtunzi kwa wakati mmoja, na katika jibizano la Kuduhu sauti yake ndiyo sauti ya mji. Ukimlinganisha na Muyaka utaona tofauti ya mwelekeo. Muyaka humtazama adui usoni. Mngumi huwatazama watu wake pembeni huku akimsemesha adui; anahimiza, anatayarisha, anataka mji uwe na neno moja. Yamkini tofauti hii inatokana na nafasi zao. Muyaka alikuwa mfanyabiashara mwenye usuhuba na watawala wa Kimazrui, lakini hakuwa mtawala. Mngumi alikuwa na dhamana. Mtu mwenye dhamana hawezi kumaliza pumzi zake zote katika kumtukana jirani, maana kesho atatakiwa kusema ni nani atakayelinda mlango wa bandari.

Tuliangalie fumbo. Wahakiki wengi hulieleza fumbo kama pambo la lugha au kama kipimo cha umahiri. Katika mashairi haya lina kazi ya ziada. Shairi lililopelekwa Amu kutoka Mombasa lilikuwa linasomwa na kughaniwa mbele za watu wengi, na haikuwezekana kuwachagua wasikilizaji. Rafiki alilisikia, adui alilisikia, na yule ambaye bado hajaamua yuko upande gani naye alilisikia. Kwa hiyo mtunzi alihitaji usemi ambao ungemtisha wa kwanza, ungemtia moyo wa pili na ungemwachia wa tatu mlango wa kuingilia. Jazanda ya mji kama maji makuu, ambayo Muyaka anaipenda anapoizungumzia Mvita, inafanya kazi hizo zote kwa pamoja. Mgeni anaona uso wa maji, kina hakioni. Kwa adui hilo ni onyo asije akaingia kwa pupa. Kwa mwenyeji ni hakikisho. Kwa anayesitasita ni ushauri kwamba asikisie. Na wala mtunzi hajatoa siri hata moja ya idadi ya bunduki au akiba ya nafaka. Mtu akisema kwamba hilo ni pambo tu, basi na ngome nayo ni pambo.

Hata hivyo jazanda hiyo ina udhaifu wake, na sioni sababu ya kuuficha kwa heshima ya Muyaka. Inachukulia kwamba hatari itatoka nje na itakuja kwa juu ya maji. Haina nafasi ya hatari iliyomo ndani. Tutalirudia jambo hili.

Kuhusu jibizano lenyewe, Biersteker amelishughulikia suala la lugha na nguvu kwa upana katika kitabu chake cha 1996 chenye jina hilohilo, na hatuna haja ya kurudia aliyoyasema. Tunataka kuongeza nukta moja. Katika kujibizana, anayejibu mara nyingi hulazimika kufuata bahari ya aliyemtangulia na kulichukua neno lake na kuligeuza. Maana yake ni kwamba hata anapokataa kila dai la mpinzani, amekwisha kukubali kanuni moja naye. Amu na Mombasa, kwa Kiamu na Kimvita, zilikuwa zinachukiana ndani ya nyumba moja. Uadui wao ulikuwa na adabu: kulikuwa na zamu ya kusema na zamu ya kusikiliza, na kila upande uliweza kupima kutokana na jibu la mwenzake kama kuna hasira ya kweli, kama kuna woga, kama bado kuna nafasi ya suluhu. Katika lugha ya wanasiasa wa siku hizi tungesema kwamba njia za mawasiliano zilikuwa wazi. Mawasiliano hayo hayakuzuia vita vya Shela, ni kweli. Lakini yalikuwapo, na kila mmoja alimjua anayepigana naye.

Dola ya Maskati haikuwamo katika jibizano hilo. Muyaka alitunga kumhusu Seyyid Said na watu wake, na mashairi hayo ni miongoni mwa yaliyo makali katika diwani. Lakini ndani ya diwani hatusomi Seyyid Said akijibu. Aliyekuwa akisemeshwa hakuwa mshairi wa Kiswahili, wala hakuwa na haja ya kuwa. Jibu lake lilikuja na kaskazi. Na hapa msomaji wa bara asiyejua pepo za pwani akumbushwe kwamba hatari ya Maskati ilikuwa na majira: merikebu zake zilishuka na upepo wa kaskazi na kurejea na kusi, na mji wa pwani uliweza kuhesabu miezi ya hofu na miezi ya kupumua. Mwanzoni mwa 1828 alikuja mwenyewe, na katika merikebu zake ilikuwamo Liverpool, iliyoundwa Bombay na yenye mizinga 74. Ni vigumu kulitungia jibu shairi la mizinga 74. Nadhani hiki ndicho chanzo cha ukali wa sauti ya Muyaka katika mashairi hayo: ni sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa na ambaye sasa hajibiwi. Wahakiki wameuita ukali huo ujasiri. Mimi nausikia kama upweke pia.

Isidhaniwe kwamba Mombasa ilisimama peke yake kwa kupenda. Katika miaka ya 1822 na 1823 Pemba ilichukuliwa na watu wa Seyyid Said kutoka Unguja, na mji ukawa hauna ghala. Mnamo Februari 1824 Mamazrui walimpokea Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza, na bendera ya Kiingereza ikapandishwa. Luteni Reitz, aliyeachwa kuusimamia mji, alifariki mwaka huohuo, na jina lake likabaki katika sehemu ya bandari ya Kilindini inayoitwa Port Reitz hadi leo. Serikali ya London haikuidhinisha himaya hiyo, na mwaka 1826 ikaondolewa. Kwa hiyo Mombasa, iliyoicheka Amu kwa kujitia chini ya mgeni, ilifanya jambo lilelile miaka kumi na kitu baadaye, tena kwa mgeni ambaye hakukaa. Ukiyasoma mashairi ya Muyaka ya kuwadhihaki watu wa Amu huku ukiikumbuka miaka hiyo miwili, kicheko kinabadilika ladha mdomoni.

Je, Mngumi alikuwa na haki na Muyaka alikosea? Baadhi ya wanafunzi wangu hulipenda swali hili liulizwe hivyo, kama mashindano. Mimi silipendi. Amu ilipata ulinzi dhidi ya Pate na Mombasa, na bei yake ikawa ni uhuru wake. Liwali aliyeombwa hakuondoka. Mombasa ilikataa bei hiyo, ikalipa nyingine. Askari walioachwa Ngomeni na Seyyid Said mwaka 1828 walizingirwa hadi njaa ikawatoa. Mashambulizi ya 1829 na 1833 hayakufaulu. Kisha mwaka 1837 mji ukaanguka pasipo vita vikubwa: Mamazrui walikuwa wakigombania uliwali baina yao, na katika Thenashara Taifa, Thalatha Taifa hazikuwa na neno moja na Tisa Taifa. Seyyid Said alipata wa kumfungulia mlango. Wakubwa wa Kimazrui walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, na wengi hawakurudi.

Hivyo mji uliosifiwa kwa kina cha maji yake haukuingiwa kwa majini. Uliingiwa kwa mlango. Na hili ndilo jambo nililoahidi kulirudia. Katika mashairi ya kisiasa ya Muyaka tunayoyajua, ‘sisi’ ni neno lenye nguvu mno na lisilochunguzwa. Ni sisi wa Mvita dhidi ya wao. Nani hasa wamo ndani ya ‘sisi’ huyo? Wamo Mamazrui, wamo Tisa Taifa, lakini wa Kilindini, Tangana na Changamwe wamo kwa kiasi gani? Na Wamijikenda, ambao bila mishale yao na chakula chao Mombasa isingeweza kuhimili mazingiwa, wamo au wametajwa tu? Imezoeleka kusemwa kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 walimfanya kuwa mshairi wa umma kwa sababu hiyo. Sifa hiyo anaistahili katika mashairi yake ya maisha ya kila siku. Katika mashairi ya vita ninasita. Soko alilolipeleka shairi la vita lilikuwa na wenyewe.

Pana tatizo la kimbinu ambalo mhakiki mwaminifu hana budi kulikiri. Mashairi mengi ya Muyaka hayana tarehe. Tuliyo nayo yalikusanywa miongo kadhaa baada ya kifo chake na W. E. Taylor, mmishenari aliyekaa Mombasa, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyatafuta kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka. Sisi huyapa mashairi miaka kutokana na maudhui yake, kisha tukaieleza miaka hiyo kutokana na mashairi. Hatua hiyo ni ya mzunguko, na mimi mwenyewe nimeichukua katika makala haya mahali pamoja au pawili. Njia ya kupunguza hatari ni kutegemea zaidi yale ambayo yamo katika jibizano, kwa kuwa shairi lenye jibu hujiwekea tarehe yake: haliwezi kuwa la baada ya lililolijibu.

Tumeyazungumzia majiji mawili na kuuacha mji wa tatu, nao ni Siyu. Bwana Mataka wa Siyu aliwapinga Mabusaidi kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalipigwa huko vibaya; Siyu haikuingia chini ya Unguja hadi 1863, wakati wa Seyyid Majid. Mkewe Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake wa 1858 hufunzwa katika shule na vyuo vyetu kama wasia wa mama kwa binti yake kuhusu unyumba na dini, na mjadala huzunguka pale pale: je, mama huyu alikuwa mtumwa wa mfumo wa wanaume au alikuwa na werevu wake? Sijasikia mjadala unaouliza inamaanisha nini kwamba mjane wa mpiganaji yule, akiwa mgonjwa, miaka mitano kabla ya Siyu kuanguka, alichagua kumwachia bintiye maelekezo ya nyumba. Huenda ni kwa sababu nyumba ndiyo ngome pekee aliyoamini kwamba ingebaki. Hilo ni kisio, na sitalisukuma zaidi ya hapo; lakini ni kisio linalotokana na utendi wenyewe, ambao kila ubeti wake unaandaa mtu kwa ajili ya siku ambazo mlinzi hatakuwapo.

Muyaka naye aliishi kama miaka mitatu baada ya 1837, mji wake ukiwa mikononi mwa yule aliyemtungia. Katika diwani kuna mashairi kadhaa ya kulalamikia kugeuka kwa nyakati na kwa marafiki, ambayo wahariri na walimu wameyaweka kwenye fungu la mapenzi au la hekima. Baadhi yake huenda ni ya miaka hiyo mitatu. Atakayetaka kulichunguza jambo hili itambidi auweke kando mpangilio wa Hichens na kwenda kwenye miswada yenyewe, iliyohifadhiwa London, na aanze na mashairi yaliyopitia mikononi mwa Mwalimu Sikujua.